Malalamiko Dhidi ya Mwanasesere Namba Saba

Kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu baada ya ngazi (ule usiofungika vizuri).

Ndugu Afisa,

KUHUSU: KUSHONWA, KUJAZWA PAMBA NA KUUZWA KWA MTU AMBAYE BADO YU HAI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi, na kwamba umeshakunywa chai, kwa sababu yaliyomo humu hayafai kusomwa na mtu mwenye njaa.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mkaguzi wa mizani mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilizunguka masokoni kuhakikisha kwamba kilo ni kilo na robo ni robo. Wauza nyama wakiniona kwa mbali walikuwa wanapangusa mizani zao kwa haraka, hata wale wasio na hatia. Sikuwahi kupokea hata mfupa. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ujue kwamba anayekuandikia ni mtu wa vipimo, na halalamikii jambo kabla ya kulipima.

Naishi na mke wangu pamoja na mama yake, yaani mama mkwe wangu, katika nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara ya vumbi. Watoto wetu wanajitegemea, na hutuletea wajukuu wakati wa likizo.

Chanzo cha mkasa wote ni likizo moja ya namna hiyo. Mjukuu wangu wa kike alikuja na mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za manjano na miguu mirefu isiyokunjika. Mama mkwe akampokea yule kiumbe, akamgeuza huku na huku, akajaribu kumkalisha mkekani. Akaanguka chali. Akamkalisha tena, akaanguka tena. Mama mkwe akauliza, "Huyu anaumwa nini?"

Kesho yake akachana gauni lake kuukuu, akashona binti mnene kidogo, mwenye mtungi kichwani na kitambaa kilichofungwa kwa fundo la ubavuni, kama walivyofunga wasichana wa enzi zake walipokwenda kuchota maji. Akamkalisha mkekani. Yule akakaa. Mke wangu alimtazama akiwa amekaa, akavaa viatu, akaenda kuwaita wenzake.

Sasa ni wanawake kumi na mmoja, na mke wangu ndiye mwenyekiti. Wanashona mchota maji, mfinyanzi, mkunga na mkoba wake, msuka vikapu, mpiga ngoma, na mke wa mhunzi akiwa ameshika mivukuto. Kila mmoja ana namba yake na kadi ndogo inayoeleza alikuwa nani, alifanya kazi gani na alivaaje, ili watoto ambao hawakuyaona mambo hayo wayajue. Wanauza, na kinachopatikana kinaingia majumbani mwao. Mimi sipingi utamaduni. Narudia, ili isije ikasemwa baadaye: sipingi utamaduni. Ila mambo yamenifika shingoni, na ninayaeleza kwa mpangilio kama ifuatavyo.

LALAMIKO LA KWANZA: MIGUU NDANI YA SUFURIA

Huenda hujui jinsi wanasesere hawa wanavyopata rangi. Kitambaa cheupe huchemshwa pamoja na majani ya chai, mengi, kwa muda mrefu, hadi kitoke na rangi ya ngozi ya binadamu. Matokeo yake ni kwamba nyumbani kwangu hakuna chai. Kuna watu wa rangi ya chai.

Siku moja nilirudi kutoka shambani, nikafunua sufuria kwa yale matumaini ya kawaida ya mume aliyelima tangu asubuhi. Nikakuta miguu kumi na minne inachemka taratibu, nyayo juu. Nikamwita mke wangu, nikamuuliza, "Hiki ni nini?"

Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sindano yake. Akasema, "Miguu ya wakunga. Usiikoroge."

Ndugu Afisa, nina miaka thelathini na minne ndani ya ndoa. Nimeshajibiwa mengi. Hilo sikuwa nimelitarajia.

LALAMIKO LA PILI: VIFUNGO

Macho ya mwanasesere ni vifungo viwili vidogo vyeusi. Sasa jiulize mwenyewe: katika nyumba ile, ni nani mwenye mashati ya kazi yenye vifungo vidogo vyeusi?

Niligundua katika mazingira ya aibu. Tulikuwa kwenye mkutano wa kamati ya maji. Nikasimama kuchangia hoja kuhusu bomba linalovuja, nikainua mkono ili nisisitize, shati likafunguka kuanzia shingoni hadi kitovuni. Hoja ilipitishwa papo hapo kwa kauli moja, ili niketi. Wapo wanaosema ndiyo hoja pekee ya kamati ile iliyowahi kupita bila mabishano, lakini huo si utaratibu.

Nilipomuuliza mke wangu, alisema alidhani kwa kuwa nimestaafu, mashati nayo yamestaafu. Hivi sasa nafunga nguo zangu kwa pini. Kila nikipita sebuleni, rafu nzima inanikodolea macho, na macho yote ni yangu.

LALAMIKO LA TATU: MAMA MKWE ANAONGEA

Tangu dada yake alipofariki, mama mkwe alikuwa mtu wa maneno matatu: "ndiyo", "hapana" na "zima redio". Alikuwa anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, hataki kula, hataki kutoka, anatazama tu barabara. Mke wangu alihangaika naye sana. Mimi, niwe mkweli, tulielewana vizuri tu. Hakunisumbua, sikumsumbua.

Leo hii mama yule haambiliki. Anaamka kabla ya kila mtu. Yeye ndiye hakimu wa mafundo. Mwanamke akileta mwanasesere aliyemshona nyumbani kwake, mama mkwe anamweka magotini, anamwangalia, kisha anasema, "Fundo hili ni la mjane. Mtoto wa watu hata hajaolewa, mmeshamfisha mume." Linafumuliwa. Anakumbuka mtoto alibebwa bega gani, kikapu kilishikwa kwa mkono gani, shanga za mama mzazi zilikuwa safu ngapi. Wanawake wanatoka vijiji vya mbali, wanakaa miguuni pake na madaftari. Anaimba wakati nasikiliza taarifa ya habari. Anakula sahani mbili. Wiki iliyopita alinicheka, na nikaona meno ambayo sikujua kwamba bado anayo.

Mganga wa zahanati yetu amesema hajawahi kuona mgonjwa wa presha aliyepata nafuu kwa kugombana kuhusu vilemba. Mimi nyumba yangu ilikuwa na utulivu, sasa haina. Sijui ni ofisi gani inayohusika na jambo hili, kwa hiyo nalileta kwako.

LALAMIKO LA NNE: NAMBA SABA

Sasa nafika kwenye kiini.

Mwanasesere Namba Saba anaitwa Mzee wa Nyumba. Amevaa kofia ya duara na koti la kahawia, mikono ameiweka nyuma, na tumbo limetangulia mbele kama lina haraka kuliko yeye. Siku ya kwanza nilipomwona rafuni nilisimama. Nilihisi kama mtu anayepita mbele ya kioo ambacho hakukijua kipo.

Sikukurupuka. Nilisubiri hadi wanawake wametoka kwenda kununua nyuzi, nikachukua utepe wa kupimia, nikafanya kazi niliyosomea. Urefu wa Namba Saba, bila kofia: sentimita thelathini na nne. Mzunguko wa tumbo: sentimita ishirini na mbili. Kisha nikajipima mwenyewe nikiwa nimeegemea mlango. Urefu, bila kofia: sentimita mia moja na sabini. Mzunguko wa tumbo, nikiwa nimepumua kawaida: mia moja na kumi. Piga hesabu. Ni mara tano huku na mara tano kule, bila masalio. Katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kukuta mizani mbili zinazokubaliana namna hiyo, na nyingine zilitoka kiwanda kimoja.

Tena sikio lake la kushoto limekaa chini kidogo kuliko la kulia. La kwangu pia. Kinyozi ni shahidi.

Nilimkabidhi mke wangu ushahidi wote. Nikamwambia, "Huyu ni mimi." Akamtazama Namba Saba. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema, "Huyu anakaa wima."

Kingine ni hiki. Wanasesere wengine wote hushonwa kwa ushirikiano: huyu anakata, yule anajaza, mwingine anashona nywele. Lakini uso wa Namba Saba hakuna anayeruhusiwa kuugusa isipokuwa mama mkwe. Anaushona peke yake pale dirishani, taratibu, na anapoushona anatabasamu. Mama mkwe akikaa anamshona mkwewe huku anatabasamu, mkwe ana kila sababu ya kuwa na wasiwasi.

LALAMIKO LA TANO

Nimeliondoa. Nilipolisoma kwa mara ya pili niliona linamsaidia zaidi mke wangu.

LALAMIKO LA SITA: KADI

Nilikwambia kila mwanasesere ana kadi. Kadi ya Namba Saba, iliyoandikwa kwa mkono wa mke wangu, nainakili hapa bila kubadilisha nukta:

"MZEE WA NYUMBA. Hapo zamani kila nyumba ilikuwa na mzee. Alikohoa mara tatu kabla ya kuingia, ili watu wajipange. Aliuliza kofia yake iko wapi wakati ameivaa. Alionja chakula huku amefumba jicho moja, akasema chumvi haijakolea, kisha akala chote. Watu walipozungumza alisinzia, na alipozinduka alitoa uamuzi. Mara nyingi uamuzi wake ulikuwa sahihi."

Ndugu Afisa, "hapo zamani". Mambo yote hayo niliyafanya Jumanne iliyopita. Kofia niliiulizia mara mbili.

Haya, mtu akisoma kadi hii ataelewa nini? Ataelewa kwamba watu wa aina yangu walikuwepo, wakaisha, na sasa wanakumbukwa kwa pamba na uzi. Mimi napokea pensheni. Nina miadi ya meno mwezi ujao. Siwezi kuwa zamani. Halafu lile neno "mara nyingi" nalikataa kabisa. Nataka kuonyeshwa hizo mara nyingine.

LALAMIKO LA SABA: MAONYESHO

Ulikuwepo mwenyewe ukumbini, kwa hiyo sitaeleza sana. Ila kuna jambo ambalo hukuliona kwa sababu wakati huo ulikuwa unapiga picha na mwenyekiti.

Mwalimu mmoja alileta wanafunzi wake mbele ya meza ya kikundi chetu, nasema chetu kwa maana ya nyumba yangu. Akasoma kadi ya Namba Saba kwa sauti. Msichana mmoja mwenye daftari akauliza, "Mwalimu, wazee kama hawa waliisha lini?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, kofia kichwani, mikono nyuma. Nikainua mkono. Mwalimu akaniambia kwa adabu zote, "Samahani mzee, wageni watauliza mwishoni." Yule msichana akanitazama mimi. Akamtazama Namba Saba. Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake. Hadi leo sijui aliandika nini, na jambo hilo linaninyima raha.

Saa hiyohiyo wewe ukaja, ukanunua Namba Saba, ukamweka kwapani, ukaondoka naye bila hata kuniaga. Nilipokuja ofisini kwako kuulizia utaratibu wa kulalamika nilimkuta yuko mezani, kazi yake ni kuzuia karatasi zisipeperuke. Nimelitumikia taifa hili maisha yangu yote na sikuwahi kupewa meza karibu na dirisha.

LALAMIKO LA NANE: MIMI KWA JUMLA

Baada ya maonyesho, duka moja la mjini liliagiza wanasesere. Halikuagiza wafinyanzi. Halikuagiza wakunga, ambao kwa maoni yangu ndio waliofanya kazi ya maana. Liliagiza Namba Saba arobaini.

Sasa, mwanasesere akishajazwa pamba huanikwa juani ili asivunde. Mchana mmoja nilitoka nje baada ya kujinyoosha kidogo, nikakuta nimeanikwa. Nilikuwa arobaini, nimebanwa mabegani kwa vibanio vya nguo, kamba nzima kuanzia jikoni hadi kwenye banda la kuku, wote tunatazama barabara. Upepo ukivuma tulikuwa tunatikisa vichwa kama tunaokubaliana jambo.

Muuza maziwa akapita na baiskeli yake. Akapunguza mwendo. Akasema, "Shikamooni, wazee." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakunisalimia kivyangu, alinihesabu pamoja na wale wa kwenye kamba. Na nilipoitikia, niliona ameridhika kwa niaba ya wote.

Habari haikuchelewa kufika kwa kinyozi. Siku hizi nikiingia pale wananiita Mzee Jumla. Kinyozi ananiuliza kama anamnyoa mmoja au tumekuja wote. Fundi baiskeli, mtu ninayemheshimu, aliniomba radhi kwamba mtoto wake alining'oa mkono.

Kwa haki, naandika pia upande wa pili, maana mkaguzi anayesoma upande mmoja wa mizani si mkaguzi. Kutokana na oda ile, mjane wa nyumba ya tatu ameezeka upya, na mvua ya juzi ilimkuta amelala kitandani badala ya chini ya meza. Mke wa fundi baiskeli amemrudisha binti yake shuleni. Wanawake wote kumi na mmoja wana mkasi wao wenyewe, na kuna kitu kimebadilika katika namna wanavyofunga milango yao wanapotoka. Sisi wenyewe tumepata tangi la maji. Hata hivyo, tangi hilo kikundi kimelipa jina la Mzee. Asubuhi wanaulizana nje ya dirisha langu, "Mzee kajaa?" "Bado, yuko nusu." Unaweza kujaribu kulala katika hali hiyo.

LALAMIKO LA TISA: KUAGANA

Hili nalisema kwa ufupi kwa sababu si jepesi kwangu.

Siku wale arobaini waliposafirishwa, mke wangu aliwafunga mmoja mmoja kwa karatasi laini. Wa mwisho alimshika kwa muda. Akamnyoosha koti, akamweka kofia sawa, akamwekea kitambaa chini ya shingo ili asiumie njiani. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, "Nenda salama, baba."

Mimi huitwa "baba watoto". Nilipokwenda mjini kupima macho, mwezi huohuo, niliambiwa, "Ukirudi pitia sabuni." Namba Saba anaitwa "baba" tu, bila watoto, na hatumwi sabuni.

Nilisimama pale mlangoni kwa muda. Sikukohoa hata mara moja.

MAOMBI

Kutokana na hayo yote, naiomba ofisi yako itekeleze yafuatayo:

(a) Vifungo vyangu virudishwe, au nipewe mashati yasiyohitaji vifungo.

(b) Ushonaji wa Namba Saba usimamishwe hadi nitakapoombwa ruhusa kwa maandishi, nami nitakapokuwa nimekataa kwa maandishi.

(c) Ikiwa (b) haiwezekani kwa sababu ya oda mpya, ambayo nasikia ni kubwa zaidi, basi kwenye kadi maneno "hapo zamani" yabadilishwe yawe "mpaka leo hii".

(d) Ikiwa (c) nayo ina ugumu, maana yake ofisi yako inakubali kwamba mimi ni utamaduni wa zamani ulio hatarini kutoweka. Kama ni hivyo, naomba niandikishwe rasmi. Nimesoma kanuni zilizobandikwa ukutani pale kwenu ngazini. Kitu cha urithi hakipaswi kuhamishwa bila sababu, kunyeshewa mvua, kubebeshwa uzito wala kuguswa ovyo. Kwa hiyo natarajia barua yenye muhuri inayosema kwamba mimi nisitumwe dukani, nisiteke maji, nisilimishwe wakati wa mvua na nisiamshwe. Naomba pia kamba nyekundu kama ile mliyozungushia ile ngoma kubwa, ya kuzungushia kiti changu, na mlinzi wa siku za kazi. Mwishoni mwa juma nitajilinda mwenyewe.

(e) Katika maonyesho yajayo nikae mezani mimi mwenyewe, nikiwa na kadi yangu, nitakayoiandika mwenyewe. Nimeshaanza. Ina kurasa sita.

(f) Ikiwa yote haya yameshindikana, angalau tumbo lipunguzwe sentimita mbili. Mimi kwa upande wangu nitajitahidi kupunguza kumi, ili hesabu ibaki sawa.

Naamini utalitazama jambo hili kwa uzito unaostahili, na kama ofisini kwenu hakuna mizani ya kuupimia uzito huo, nipo tayari kuja na ya kwangu. Nisalimie katibu wako mwenye kikohozi. Mwambie ajaribu maji ya uvuguvugu. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenipa kiti chake nilipokuja, na yule mama wa usafi aliyenionya kuhusu ngazi ya nne. Wasalimie watoto wako, na mwenzako wa nyumbani, na wazazi kama bado mnao. Hapa kwangu wote hawajambo, wa kupumua na wa pamba.

Wako katika kuulinda utamaduni, hasa ule unaokula na kulala,

Mkaguzi wa Mizani (Mstaafu)

Nakala:
Mwenyekiti wa Kikundi (ni mke wangu; nitampa mwenyewe siku akiwa ametulia).
Kinyozi, aibandike.

BAADA YA KUSAINI:

Ndugu Afisa, kumetokea jambo.

Nilimwomba mke wangu bahasha, kwa sababu bahasha zote za nyumba hii ni mali ya kikundi. Akasema hatoi bahasha bila kujua inabeba nini. Akavuta kigoda, akasoma yote, kuanzia juu. Kwenye miguu ya wakunga alitikisa kichwa. Alipofika lalamiko la nne akamwita mama yake, akamsomea kwa sauti. Mama mkwe akasikiliza hadi mwisho wa kadi. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la nguo.

Akaniambia, "Mwanangu, huyo ni mume wangu."

Baba mkwe mimi sikumkuta. Alifariki mke wangu akiwa na miaka kumi na minne, na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mama mkwe alitaka wajukuu wajue alivyokuwa, na hakuwa na njia nyingine ila sindano. Kofia ilikuwa yake. Kukohoa mara tatu ni kwake, na jicho lile, na chumvi. Nikauliza kuhusu sikio. Wakaniambia mshono ulikosewa kwenye yule wa kwanza, na waliofuata wakashonwa vivyo hivyo. Nikauliza kuhusu tumbo. "Pamba ilizidi," akasema mama mkwe.

Nikasema, lakini hayo yote ndiyo ninayoyafanya mimi, kila siku, nyumba nzima inajua.

Mke wangu akaikunja barua, akanitazama. Akasema, "Kwani wewe ulidhani nilikubali posa yako kwa ajili ya mizani?"

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote isipokuwa la vifungo.

Nilitaka kuichana barua, lakini mwenyekiti amekataa. Anasema ofisi yako inawadai ripoti ya maendeleo ya kikundi tangu mwezi uliopita, na humu kila kitu kimo: wanachama, namna ya kutia rangi, soko, mapaa, tangi, hata afya ya mama. Anasema yeye asingeweza kuiandika vizuri zaidi. Naomba basi uipokee kama ripoti, na pale nilipoandika "nalalamika" usome "tunashukuru".

Ila ukishaisoma uirudishe kwa huyohuyo atakayeileta. Kumbe karatasi nilizochukua kabatini ni violezo vya kukatia vitambaa. Nilishangaa kidogo kwa nini ukurasa wa tatu una miguu miwili, lakini nilikuwa na hasira, nikaendelea kuandika hadi chini kwenye pindo. Tafadhali usigonge muhuri kwenye mapaja. Hiyo ndiyo suruali ya baba mkwe, na Alhamisi tunakata.